Dobi Aliyecheza Tango Kinondoni

Dobi wetu wa Temeke amekufa. Tumemzika juzi baada ya sala ya alasiri, na wengi wenu mnaosoma safu hii hamtamjua hata nikiwaeleza sura yake, ijapokuwa suruali mlizovaa kazini wiki iliyopita huenda alizipiga pasi yeye. Mngemjua kama mngekuwa Kinondoni Jumapili moja, mwaka wa pili baada ya vita. Mie nilikuwapo. Na kwa kuwa matangani nimesikia uongo mwingi ukisemwa kwa Kiswahili kizuri, leo nitausema ukweli kwa Kiswahili changu hiki cha darasa la pili.

Nilikuwa nimetoka keya, jeshi la Mfalme wa Uingereza, nimerudi kutoka Burma na goti lisilokunjika, nikapanga chumba katika nyumba aliyokaa yeye. Kila jioni namwona uani, pasi ya makaa kaiweka kando, anapiga hatua peke yake juu ya udongo, mkono mmoja hewani kana kwamba kashika kiuno cha mtu. Nikamcheka. "Unamkumbatia jini gani, bwana?" Akajibu bila kusimama: "Jumapili njoo unitazame, kilema wa Mfalme. Ila utafute viatu, pekupeku hawaingizi." Nikamuuliza nitacheza nini na goti hili. "Huchezi. Ni mashindano, unakaa unatazama." Loo! Sikuwahi kusikia ngoma ya kutazamwa kwa kukaa. Akanieleza kuwa mshindi angefanywa mwalimu wa dansi wa klabu ya Kinondoni, na yeye alikuwa amechoka na moshi wa makaa. Alilitaka jambo hilo kuliko nilivyopata kumwona mtu akitaka kitu.

Tukatembea kutoka Temeke, viatu mkononi, tukanawa miguu bombani, tukavaa. Ukumbi wa bati ulikuwa umejaa makarani, shingo zimekabwa na tai saa tisa ya mchana, jasho linawatiririka kwa ustaarabu. Waamuzi watatu wamekaa mbele na karatasi zao: mwalimu wa shule, mganga msaidizi na mwenye duka. Katibu wa klabu alikuwa karani wa forodha, nakitaja cheo chake ili jamaa zake wamtambue. Akatusomea sheria: hakuna kuimba, hakuna vigelegele, hakuna makofi mpaka muziki uishe. Nilidhani tumeingia mahakamani. Jozi za mwanzo zikacheza kama watu waliobeba mayai, macho yao yote kwa waamuzi, na kila karani kamshika mwenzake kwa ncha za vidole kama barua ya serikali. Nikapiga miayo.

Kisha akaingia dobi na mwenzake, mama mmoja mshona nguo wa Keko. Gitaa likaanza tango. Sikujua hata hatua moja inaitwaje, wala sikuhitaji kujua. Walikwenda pamoja hadi karibu na ukuta, ukadhani wataugonga, wakasimama ghafla, yule mama akageuza shingo, na ukumbi mzima ukashusha pumzi. Goti langu bovu likawa linatikisika lenyewe. Tangu Burma nilikuwa sijafurahi. Siku ile nilifurahi mpaka nikaona haya, kama mwanamume aliyelia hadharani.

Sasa, kwetu mchezaji akikushika moyo huendelei kukaa. Unainuka, unakwenda pale pale anapocheza, unamfuta jasho kwa leso yako watu wakiona, ndiyo tuzo yake. Basi nikainuka. Nikachechemea hadi katikati ya ukumbi, nikamfuta dobi uso.

Muziki ukakatika. "Nani kamleta huyu mshamba?" Katibu akafoka. "Huku si ngomani!"

"Ni mgeni wangu, Bwana Katibu," dobi akasema. "Kosa langu, sikumwambia."

"Basi toka naye."

"Niache nimalize hili tango tu, kisha unifukuze."

"Hebu msikieni! Dobi atufulie nguo, halafu atushinde?"

Makarani wakacheka. Waamuzi hawakucheka, waliinamia karatasi zao, na mwalimu ndiye aliyelikata jina la dobi kwa kalamu. Hao wasomi watatu walikuwa wameshusha pumzi kama sie wote. Niliwaona.

Njiani nilingoja anipige. Nikamwambia, "Nimekuharibia." Akainama akavua viatu. "Jasho lilikuwa limeniingia machoni," akasema, "nilikuwa sioni."

Hakukanyaga ukumbi ule tena, maana Katibu alimfuta klabuni. Lakini suti yake Katibu aliendelea kuileta Temeke ifuliwe, miaka yote, kwa mkono wake mwenyewe, bila haya. Juzi matangani akasimama, siku hizi ni mwenyekiti, akasema marehemu alikuwa nguzo ya dansi letu. Halafu akanivuta pembeni: "Mzee mwenzangu, wewe unaandika gazetini. Itaje klabu yetu basi." Nimeitaja.

Wanaokwenda kutazama dansi kwa mara ya kwanza huniuliza wafanyeje, wasije wakaonekana washamba. Nawaambia wakae watazame miguu, na wasimwogope mtu mwenye karatasi. Ushamba wangu ulikuwa wa dakika moja na ninaujutia mpaka leo, kwa sababu ulimgharimu mwenzangu kazi aliyoitamani. Katibu na wenzake walijua sheria zote, na walikuwa na miaka tele ya kumwita arudi. Alikuwa pale pale Temeke, mlango wazi, mwendo wa miguu tu. Hawakumwita hata Jumapili moja. Leo wanamsifu, na nimeelewa kwa nini ni rahisi: maiti haombi kumaliza tango.