Oro ya Mzee Evaristo

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Rågsved, kitongoji cha Stockholm, Sweden, nilipewa funguo kumi na moja kwenye pete moja, na karatasi ya dakika. Huyu dakika ishirini, kuoga. Huyu dakika kumi, dawa na chai. Nikamuuliza kiongozi wa kikundi, "Huyu wa kwanza anaitwa nani?" Akanijibu bila kuinua macho, "Jina liko mlangoni." Yaani naenda kumvua nguo mama wa watu, nimsome jina mlangoni kama duka! Hasira yangu ilianzia pale. Sasa nimeacha kazi na bado ninayo, kwa hiyo msinitegemee niandike kwa upole.

Nawaandikia ninyi mabinti mnaosoma masomo ya jioni kama nilivyosoma mimi, mtoto kalala mapajani na daftari juu ya mgongo wake. Mtapewa cheo cha undersköterska. Ni mtu aliye chini ya nesi. Nesi anaamua, sisi tunaosha, tunalisha, tunageuza, tunaandika. Kugeuza mtu kitandani si kunyanyua. Kuna shuka la kuteleza, unalipitisha chini ya mgongo, unamvuta taratibu na lenyewe linakwenda. Mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nanyanyua kwa sababu shuka lilikuwa moja na wazee kumi na wawili. Nina miaka arobaini na tisa, mgongo wangu una sabini.

Rågsved nilikaa miaka minne. Halafu Skärholmen, na huko ndiko nilikofundwa. Mkuu wa kituo wa pale alikuwa mama mmoja wa Kiswidi, mkali kama pilipili. Alinishika mikono siku ya kwanza akasema, "Baridi. Kaoshe kwa maji ya moto kwanza, usimguse mtu na mikono ya samaki." Na kuhusu ripoti, ambayo tunaandika kila zamu kwenye faili la mzee, alisema hivi: "Rehema, andika ulichoona. Usiandike ulichodhani." Sentensi hiyo moja imenifaa kuliko vyeti vyote.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa nyumba ya wazee kule Spånga. Ndiko nilikomkuta Mzee Evaristo.

Mzee Evaristo alikuwa mwimbaji wa filamu kwao Mexico. Wale wa kofia pana kama ungo, suruali ina vifungo vya fedha pembeni, wanaimba wakiwa juu ya farasi. Mwaka wa kwanza Kiswidi chake kilikuwa bado kizuri, na nikimnyoa alikuwa ananisimulia. Baba yake alikuwa fundi wa kuvalisha farasi viatu vya chuma, na wimbo wake wa kwanza aliuimbia farasi ili atulie apigiliwe misumari. Kutoka hapo akaingia kwenye kundi lililokuwa linahama na turubai lake mji kwa mji. Aliimba katikati, mchekeshaji akitoka na mfanya mazingaombwe akijiandaa. Ukichapia maneno, watu wanakurushia maganda ya machungwa. Halafu redio, wakati huo moja kwa moja hewani, hakuna kurudia. Halafu filamu.

"Muongozaji akaniangalia siku nzima," aliniambia, "jioni akasema: Kuigiza hujui. Lakini farasi anakuamini, na watu watamwamini farasi."

Alicheza filamu kumi na tisa. Katika kumi na nne anaimba chini ya dirisha la msichana. Nikamuuliza, "Na dirisha lilifunguliwa?" Akasema, "Mara zote! Isipokuwa nyumbani kwangu." Alinieleza pia ufundi wake. Wimbo unarekodiwa kwanza studio, halafu mbele ya kamera unafungua mdomo tu, sauti inatoka kwenye spika. Wengi walikuwa wanachezesha midomo kama samaki. Yeye alikuwa anaimba kweli, kila mara, maana alisema shingo ya mtu anayedanganya inaonekana.

Na kulikuwa na ukelele. Katikati ya nyimbo zao mwimbaji anaachia ukelele mrefu, unaanzia tumboni, unapanda, unavunjika juu kama mtu anacheka na kulia pamoja. Hauandikwi popote. Unauweka pale wimbo unapouma. Mimi nilimwelewa mara moja. Harusi ya kwetu bila vigelegele si harusi, ni kikao.

Baadaye watu wakataka magitaa ya umeme. Filamu zake zikaisha, akaimba kwenye hoteli, akaimba kwenye meli, mwisho akamfuata binti yake wa pekee aliyeolewa hapa Stockholm. Binti akatangulia mbele za haki. Akabaki mkwe, anayekuja Krismasi na maua, na Kihispania hajui hata neno.

Sasa sikilizeni jambo ambalo shuleni wanalisema haraka haraka. Mtu akianza kupoteza kumbukumbu, lugha ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Mwaka wa pili Kiswidi cha Mzee Evaristo kiliondoka kama theluji ya Aprili. Akabaki na Kihispania, na nyimbo. Akawa anaimba sebuleni baada ya chakula cha mchana, na ukelele wake pale pale pa siku zote, baada ya ubeti wa pili. Wenzangu wakaandika kwenye faili: anapiga kelele. Anapiga kelele sana. Nikasema, "Jamani, anaimba." Wakasema, "Inatisha wengine."

Nesi wa kituo akaleta kadi. Ni kadi za mtu asiyeweza kusema, kila moja ina mchoro na neno kwa herufi kubwa. Ya maumivu, ya njaa, ya kiu, na moja yenye sura ya mviringo ya njano, imekunja mdomo, imeandikwa ORO. Kwa Kiswidi oro ni wasiwasi, ile hali ya mtu kukosa utulivu rohoni. Nesi alimpangia kadi zote mezani. Mzee akaziangalia moja moja, akafika kwenye ORO, uso ukawaka. Akaigonga kwa kidole, akajigonga kifuani, akashika koo lake.

"Maskini," nesi akasema. "Wasiwasi wa kifuani. Mpaka kwenye koo."

Kesho yake tena, ORO. Wiki nzima, ORO. Daktari akaandika kidonge cha kutuliza kwa kusoma faili tu, bila kumwona mtu.

Kidonge kilifanya kazi. Kidevu kikalala kifuani, mate yakawa yanadondoka, nyimbo zikakatika. Aliyekuwa anatembea mwenyewe hadi sebuleni akawa wa kusukumwa kwenye kiti. Mkuu wa kituo wa hapo Spånga alipita akasema, "Si mnaona alivyotulia?" Nikajibu moyoni kwamba hata nguo kwenye kamba zinatulia hivyo. Na anayempa kidonge kila asubuhi ni nani? Ni mimi. Sisi hatuna haki ya kugawa dawa mpaka nesi atupe kibali kwa maandishi, kwa saini yake na yetu. Kibali hicho nilikuwa nacho, na nilikuwa najivunia.

Siku moja asubuhi, nimeshamlisha uji, nikachukua kitambaa nifute vumbi kwenye bango lake la filamu. Lilikuwa juu ya kitanda miaka yote hiyo, yeye na farasi na kofia. Nikafuta kioo kutoka juu hadi chini, na kule chini, miguuni pa farasi, palikuwa na maneno: LA VOZ DE ORO.

Kitambaa kikanidondoka.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nikaonyesha neno. "Mzee. Oro?" Macho yalikuwa mazito, lakini akaliona. Akachukua mkono wangu wa kushoto, akagusa pete yangu ya ndoa. "Oro," akasema. Kisha akagusa koo lake. "Oro."

Dhahabu! Alikuwa Sauti ya Dhahabu. Walimwekea mezani kadi yenye jina lake, na kichwa cha njano kama sarafu, yeye akasema ndiyo, ndiye mimi, wao wakamnywesha dawa. Miezi minne. Na mimi ndiye niliyekuwa nashika glasi ya maji. Nilikwenda chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikamlilia Mungu anisamehe, halafu nikamwomba asinipunguzie hasira mpaka nimalize kazi.

Nesi alinisikiliza akitabasamu. "Rehema, ni hadithi nzuri. Lakini aliulizwa mara nyingi, na alijibu."

"Aliulizwa kwa Kiswidi. Akajibu kwa Kihispania."

"Alionyesha kifua."

"Mwimbaji ataonyesha nini, goti?"

Mkuu wa kituo akaniita ofisini. "Wewe si nesi," akasema. "Kazi yako ni kuandika unachokiona, siyo kutafsiri."

"Ndiyo hasa," nikamwambia. "Nimeona mtu anaimba. Nani alitafsiri ikawa kelele?"

Nikasema naomba daktari aje, na mkalimani awe kwenye simu. Akasema wakalimani ni kwa mambo makubwa. Nikamuuliza lipi kubwa kuliko kumnyamazisha mtu kwa kosa la neno. Akaniambia nirudi kazini.

Mwenzangu wa zamu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, alinikuta jikoni. "Mama Tumaini, usiingie mu mambo ya banesi. Batakutosha mu kazi, batakufukuza, basi utaenda wapi?"

"Mama Furaha, wewe ungempa hicho kidonge?"

"Miye? Miye niko mwoga, mama. Mais weye," akanisukuma begani, "weye uko na kichwa nguvu. Enda, nitakuombea. Kama banakufukuza, uniachie ile sufuria yako kubwa."

Asubuhi iliyofuata nilikiweka kibali changu mezani kwa nesi. "Chukua. Mkono huu haumpi tena." Mnajua maana yake? Undersköterska asiye na kibali cha dawa ni mzigo kwenye zamu, hapangwi. Nilipelekwa kukunja mashuka wiki tatu. Lakini kibali kikirudishwa, sababu lazima iandikwe na daktari lazima asome. Niliandika sentensi mbili, zile za kusema nilichoona. Bango limeandikwa hivi. Kadi imeandikwa hivi.

Daktari akaja. Alikuwa kijana, masikio yalimwiva mekundu alipoliona bango. Akapiga simu kwa mkalimani, akaiweka kwenye spika juu ya meza, akauliza, "Evaristo, una wasiwasi wowote?" Sauti ya mwanamke ikayageuza maneno kuwa Kihispania. Mzee akainua kichwa. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu amemsemesha lugha yake. Akajibu polepole, na yule mkalimani akatuletea jibu.

"Anasema wasiwasi anao mmoja tu. Anauliza kwa nini mnamlaza katikati ya wimbo."

Kidonge kilipunguzwa kidogo kidogo, maana hakikatwi ghafla, mpaka kikaisha. Miguu haikurudi. Sauti ilirudi, nyembamba, na ukelele ukarudi baada ya ubeti wa pili. Alituimbia miezi mitano, kisha akafa kwa uzee wake, mikononi mwa Mama Furaha, saa ya chai. Hakuna aliyemwomba radhi. Nilipotaka lile neno lifutwe kwenye faili, nesi alisema faili halifutwi, linaongezewa tu. Basi nikaongeza, kwa mkono wangu: "Oro ni dhahabu. Alikuwa anajitambulisha."

Mwaka juzi mgongo ulikataa kabisa, madaktari wakaniandikia nipumzike. Walinikatia keki. Mkuu wa kituo akatoa hotuba kwamba Rehema alikuwa na moyo. Moyo! Nilikuwa na macho. Moyo wanatusifia ili wasiulizwe kwa nini wao hawakuangalia.

Ninyi mabinti, ombeni mkalimani hata wakikunja uso. Someni kuta za chumba kabla ya kusoma faili. Na msidhani haya ni ya Mzee Evaristo peke yake. Mimi Kiswidi changu nilikipata usiku wa masomo, na kitakapoondoka kitaondoka chote. Wanangu naongea nao Kiswahili, wananijibu Kiswidi.

Juzi nilimkalisha binti yangu Tumaini. Nikamwambia, "Nikizeeka, wakiniuliza kama nimemaliza kula, nitasema bado. Wewe unajua kwa Kiswidi watasikia nini?"

Akafikiri. Akacheka. "Bada. Kuoga."

"Watanivua nguo, Tumaini. Chakula kiko mezani, mimi nasema bado, bado, nao wananipeleka bafuni. Nikipiga kelele, wataandika."

Kicheko kikamwisha. Akaniuliza, na safari hii hakuniuliza kwa Kiswidi, "Mama, na maneno mengine ni yapi?"

Tukachukua daftari, tukaanza kuyaandika.