Vieite ya mama mkwe

Juzi pale Kahama niliingia yadi ya magari kutazama nisichoweza kununua. Nikamkuta bwana mmoja mwenye duara, shimo lake la kuchimba dhahabu, akichagua kati ya Vieite nyeusi, lile gari la V8 la wakubwa, na Prado nyeupe. Muuzaji alisifia injini, viti vya ngozi, mpaka kifriji cha soda. Bwana yule wala hakushtuka. Alimwambia mkewe akakae siti ya nyuma kabisa ya Vieite, yeye akashika usukani, akainua macho kwenye kioo.

"Nakuona usoni," akasema kwa huzuni.

Wakahamia kwenye Prado. Na humo akamwona.

"Si ndiyo kazi ya kioo, bosi?" muuzaji akauliza.

"Hapo atakaa mama mkwe. Sisi Wasukuma mkwe hatazamwi machoni."

"Basi kigeuze juu."

"Halafu nyuma nitaonaje?"

Mkewe akashuka, akakaza kitenge chake. "Baba Kulwa, chukua hiyo nyeusi. Mama akija nitaendesha mimi."

"Na mimi nitapanda nini?"

"Bodaboda zimejaa mjini."

Nilidhani ni utani. Jumapili, kwenye barabara ya Nyahanga, Vieite ile ikanipita taratibu. Mke alikuwa kwenye usukani, na pembeni yake bibi mmoja ametulia kama waziri. Nyuma yao ilifuata bodaboda, na juu yake mwenye gari, kaangalia pembeni.

Watu husema gari kubwa ndilo heshima ya mtu. Mimi heshima niliiona siku ile, imepakiwa kwenye bodaboda, inakula vumbi la gari lake yenyewe.