Pole Zilikwenda kwa Manifoldi

Naomba nisiambiwe tena kwamba sisi watu wa Njombe ni wapole. Mimi nimezaliwa huko, nimepata kipaimara huko, na nikimwona mtu anamwagia maji injini yenye moto, upole wote unanitoka.

Nina karakana yangu Makambako. Mdogo wangu wa kiume anaishi Njombe mjini, na ugonjwa wake ni mashindano ya magari. Ana gari dogo la Kijapani, kuukuu, lenye turbo, ambalo hulikimbiza kwenye barabara za vumbi akishindana na saa, huku mkewe amekaa pembeni akimsomea kona zinazokuja. Turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, inazungushwa na moshi wa injini, na moshi huo hupita kwanza kwenye manifoldi, kile chuma kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini. Gari likirudi kutoka mbioni, manifoldi huwa nyekundu. Unatakiwa uiache injini ingurume taratibu kidogo, kisha uzime, usubiri. Basi.

Lakini asubiri nani, mwezi wa saba, ukungu umetanda na meno yanagongana? Mdogo wangu na wenzake wanataka kukaza nati upesi wakanywe chai. Chuma kinawaunguza, kwa hiyo wanachota ndoo ya maji mferejini, maji yanayotia vidole ganzi, na kumwaga. Tena kwa majivuno! Eti Njombe tuna friji ya Mungu, feni ni za watu wa Dar. Chuma kinalia, mvuke unapanda, wao wanacheka. Na kila wanapofanya hivyo manifoldi inajikunja kidogo.

Wiki ile ya mashindano aliniletea gari Makambako, akilalamika kwamba halina nguvu. Nikafungua manifoldi, nikailaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Ilikuwa imepinda hata mtoto angeona, mwanga unapita chini yake. Nikamwambia ikachongwe uso kwenye mashine mtaa wa pili, tubadilishe na bolti zake, gari litakuwa tayari kesho kutwa. Akasema hana muda, anataka kufanya mazoezi. Akairudisha mwenyewe, gasketi mbili, zile karatasi za kuziba ungio, moja juu ya nyingine, gundi tele, halafu akachomeka bomba kwenye spana na kukaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

"Dada, wewe unaogopa moshi kama nyuki," akasema, akawasha, akaondoka.

Siku ya mashindano nilikwenda, upande wa Uwemba, kwa sababu roho ilikataa kutulia. Walirudi kutoka mzunguko wa kwanza na muda mzuri, watu wakashangilia. Wifi yangu akafungua mlango, akashuka, akatapika karibu na tairi. Kina mama waliokuwa wakiuza chai wakasema baridi imemwingia tumboni. Wakampa chai ya tangawizi. Nilipomshika nimkalishe kwenye nyasi, sweta lake na nywele zake zilinuka moshi mbichi wa injini.

Nikaenda kufunua boneti. Kwenye ungio la manifoldi masizi yalikuwa yamepiga mstari mweusi, na pale pale nyuma kuna tundu la nyaya linalotokea miguuni kwa anayekaa pembeni. Vioo vilikuwa vimefungwa. Njombe nzima inajua jiko la mkaa linavyowaua watu waliojifungia ndani kwa ajili ya baridi. Kila kipupwe tunaonyana kanisani. Moshi ni ule ule.

Nikarudi kwa wifi. "Kichwa kinauma?"

"Tangu jana kwenye mazoezi," akasema. "Nilimwambia. Akasema nikisikia kizunguzungu nishushe kioo kidogo, halafu nipandishe, maana upepo ukiingia hasikii ninavyomsomea kona."

Alijua. Mpaka hapo nilikuwa nikimhesabia ujinga, na ujinga wa ndugu unavumilika. Sikumbuki nilivyovuka ule uwanja. Nakumbuka tu kwamba nilitaka kumpiga, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya watu wote.

"Gari hili haliondoki," nikamwambia.

"Dada, usinitie aibu hapa."

"Ulijua!"

"Moshi kidogo tu. Nakaza sasa hivi, tunaondoka." Akageukia wenzake. "Leteni maji!"

Nikasimama mbele ya injini. Akanisogeza kwa bega, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempita mwenzake kwenye benchi la kanisa, akaipokea ndoo na kuimwaga yote. Mvuke ukatufunika. Ndani yake ikasikika *tak!* moja, kavu. Ulipotawanyika, manifoldi ilikuwa na ufa kuanzia kwenye bolti mpaka kwenye mdomo wa turbo.

Wanaume wakaja mmoja mmoja. Wakainama, wakatazama ule ufa, wakatikisa vichwa. Pole sana, kaka. Pole, ndiyo michezo. Mmoja alimkumbatia. Mdogo wangu akashika spana na kuanza kufungua manifoldi, macho yamejaa machozi, na ilipotoka, kwa kuwa bado ilikuwa na moto, akavua koti lake akaifunga nalo vizuri.

Wifi alikuwa bado kwenye nyasi, anatetemeka. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemsogelea. Nikamwinua, nikamwingiza kwenye gari langu, nikashusha vioo vyote na kuwasha tuelekee hospitali. Akageuza shingo kutazama nyuma.

"Yeye haji?" akauliza.

Nikamwambia haji. Mengine yaliyokuwa mdomoni mwangu hayakufaa kusikiwa na mgonjwa.