Gari Linalotaka Safari Ndefu

Kasulu nzima ilijua kwamba Mwanaheri wa duka la vitenge anatafuta gari, na Kasulu nzima ilikuwa imeshamchagulia. Kuna waliosema achukue dogo lisilokunywa mafuta. Kuna waliosema bora bajaji. Jirani yake wa duka la vyombo ndiye aliyeharibu mambo, kwa kuuliza mbele za watu kwamba mwanamke wa peke yake gari kubwa la nini. Mwanaheri ni mtu wa kiburi, hilo halifichiki, na kuanzia siku ile hakutaka kusikia gari lenye viti pungufu ya saba.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mumewe, Abdulrahmani, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Binti yao wa pekee, Firdausi, ameolewa Tanga, na hupiga simu kila Ijumaa, dakika chache, huku akimfokea mtoto pembeni. Nyumba ina vyumba vitano. Mwanaheri alipika kidogo mchana, akala kilekile usiku, na redio aliiacha wazi kutwa ili ndani kuwe na mtu anayezungumza. Upweke ulikuwa unamla, tusizungushe maneno, na alikuwa radhi apasuke kuliko kumwambia mtu.

Kwenye yadi ya Saady, nyuma ya stendi, palikuwa na Prado mbili. Nyeusi ilikuwa ya mwaka 2008, ya petroli, injini ya wastani, na ilikuwa imetembea kilomita elfu sabini na nane tu, maana mwenyewe alipenda zaidi kuitazama kuliko kuiendesha. Nyeupe ilikuwa ya mwaka 2014, dizeli, injini ya lita tatu, viti vya ngozi, ila ilikuwa imeshakula kilomita laki mbili na kumi na mbili, nyingi kati ya Kibondo mjini na kambi ya wakimbizi ya Nduta, ikimbeba bosi wa shirika fulani. Bei zilikaribiana. Saady, ambaye angeweza kukuuzia baiskeli akisifia injini yake, alisema zote ni kama mpya.

Ndipo akaitwa Pasikali kutoka Kibondo. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita Burundi, yeye akazaliwa huku, akapata uraia, akaendesha magari ya mashirika miaka ishirini. Tangu astaafu watu humwita awachagulie gari, naye ana utaratibu wake ambao hauvunji kwa mtu. Hafungui boneti wala haombi kadi mpaka mnunuzi ampeleke, kwa gari lilelile, kwenye njia anayoipita mara nyingi kuliko zote. Mnunuzi anashika usukani, Pasikali anakaa pembeni kimya, viganja magotini. Kwake yeye, gari linachaguliwa na safari za mtu, na aliyechagua yadini amechagua rangi tu.

"Mama Firdausi, unakoendaga ni wapi?" akauliza.

Mwanaheri akajibu bila kupepesa macho. Kila mwezi Mwanza, kufuata mzigo. Kila likizo Tanga, kuwachukua wajukuu. Na kila wiki Kagerankanda, kwa shoga yake Winifrida, mkulima wa maharage. Ukweli ni kwamba mzigo huletwa na lori mpaka mlangoni, wajukuu anawajua kwa picha za simu, na Kagerankanda hakuwa ameikanyaga tangu msiba wa mumewe.

Pasikali akasema Kagerankanda ndiyo karibu, basi waende kwa huyo Winifrida.

Walichukua nyeupe. Mwanaheri aliendesha vizuri, mgongo wima, na uongo ukamnogea. Alimsimulia jinsi Winifrida anavyomkaripia akifika bila mkate, na jinsi wanavyolala chumba kimoja msimu wa mavuno, wakicheka mpaka watu wa chumba cha pili wanagonga ukuta. Hayo yalikuwa kweli, ila ya zamani, na kadiri alivyosimulia ndivyo alivyozidi kuamini kwamba yalitokea juma lililopita. Alikolea mpaka akaipita njia panda ya kuingilia kijijini. Ikabidi arudi kinyumenyume. Pasikali alitazama mashamba upande wake.

Uani walimkuta mwanamke kijana akipukuchua mahindi. Alikuwa Aline, mkamwana wa Winifrida. Alimtambua Mwanaheri, akasimama, akaleta vigoda, na kabla wageni hawajakaa vizuri machozi yalikuwa yanamtoka. Mama mkwe alifariki msimu wa kupanda uliopita, kifua kilimbana siku tatu tu. Walimpigia Mwanaheri simu, haikupatikana. Mwanaheri alikumbuka kwamba alibadilisha laini, na katika watu wote aliowapa namba mpya, hakumpa Winifrida, kwa kuwa alijua siku yoyote atakwenda mwenyewe.

Alikaa pale, yeye aliyejidai kuja kila wiki, akipewa habari za msiba wa mwaka mzima mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimdanganya nusu saa iliyopita. Aibu na huzuni vilimjia pamoja, hata hakujua alie kwa kipi. Pasikali alivua kofia, akatoa pole kwa Kiha, ndefu, ya kuwatosha wanawake wote wawili.

Waliporudi garini Mwanaheri hakuwasha injini.

"Pasikali, mimi sina ninakokwenda," alisema. "Duka na nyumba, nyumba na duka. Hakuna mtu anayeningoja popote."

"Ego, mama," Pasikali akakubali kwa Kiha. "Nilijua pale njia panda."

Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoitiwa, akamweleza. Kilomita nyingi za nyeupe zisingemtisha, kwani ilitunzwa, na injini iliyozoea barabara ndefu inadumu. Lakini kwa mtu wa duka na nyumba, achukue nyeusi. Ina umri, mipira yake imekauka kwa kukaa, ila mipira inabadilishwa, na petroli haina neno na safari za karibu.

"Na hii nikiichukua nikawa naiacha nyumbani?"

"Utaiua. Dizeli inatakaga kupata moto. Kila wiki uipeleke mbali, saa mbili, saa tatu barabarani, la sivyo masizi yanaiziba."

Mwanaheri aliupapasa usukani. Akanunua nyeupe. Pasikali alimwambia anakosea, na kwa hesabu za magari alikuwa sahihi kabisa. Lakini miaka minne hapakuwa na kitu chochote duniani ambacho kingeharibika kwa sababu Mwanaheri hakutoka nyumbani, na sasa alitaka kuwa nacho kimoja.

Basi kila Jumamosi akawa anafunga duka mapema, anashika lami mpaka Kibondo, viti sita vitupu. Anaegesha karibu na soko, anakunywa chai peke yake, anageuza. Pasikali anakaa mjini hapohapo, lakini mjane hawezi kwenda kumgongea mwanamume wa watu mlango bila sababu. Kwa hiyo alimpigia simu. Pasikali akauliza kama gari limepata moto. Akajibu limepata. Pasikali akasema vizuri, mama, haya, akakata. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Jumamosi ya tatu, nyuma ya sauti ya Pasikali zilisikika sufuria, watoto wakigombania kitu, na mwanamke akicheka kwa nguvu.

"Limepata moto?"

"Limepata."

"Vizuri, mama. Haya..."

"Ila kuna mlio," Mwanaheri akasema haraka.

Kelele za kule zikafifia, kama mtu aliyetoka nje ili asikie vizuri. "Mlio wa namna gani?"

Mwanaheri aliligeukia gari, limetulia juani, zima bila kasoro yoyote, akaanza kuutafuta huo mlio.