Hotuba ya Mzee Mbae

Siku ya mwanzo nilipoingia kazini sikukabidhiwa mashine yoyote. Nilikabidhiwa waya mrefu mweusi, umevurugika, unanuka mafuta, nikaambiwa niukunje. Nikauzungusha kwenye kiwiko kama tulivyokuwa tukikunja kamba ya ndoo nyumbani. Fundi Mkuu wetu, Mgoa mmoja mfupi mwenye miwani, akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akashika ncha, akavuta, ukavurugika upya.

"Ushauua," akaniambia. "Waya una mkunjo wake tangu kiwandani. Duara moja lipite juu, la pili lipite chini. Ukiulazimisha unakatika ndani, na nje unaonekana mzima. Haya, anza tena."

Nikaanza tena, asubuhi nzima. Ilikuwa miezi michache baada ya Mapinduzi. Mimi kijana wa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, nimemaliza skuli, najiona bwana mkubwa kwa sababu najua hesabu na Kiingereza cha kuombea kazi. Nilikasirika, wallahi. Nilikuja kuwa fundi wa mitambo, si mkunja kamba.

Nyinyi vijana mna simu zinazopiga kelele mtaa mzima, mnadhani sauti ni kitu cha bure. Wakati wetu sauti ilikuwa mzigo. Tulikuwa na gari la matangazo, na juu yake spika zenye mdomo mpana kama tarumbeta, tukiziita bomba. Ndani mlikuwa na amplifaya, yaani sanduku la chuma lenye taa za kioo. Taa hizo sharti zipate moto kwanza ndipo sanduku likuze sauti, na kiongozi mwenye haraka alikuwa akitutukana mpaka zipate moto. Betri zilikuwa za gari, nzito, na tindikali yake imetoboa suruali zangu zote za ujana. Maikrofoni, au maiki kama tulivyoiita, Fundi Mkuu alikuwa akiiviringisha kwenye flana kama kitoto kichanga.

Popote palipokuwa na mkutano wa hadhara, sisi ndio wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Fundi Mkuu alikuwa na usia wake, akiurudia kila tunapopakia vyombo. "Sisi hatusemi," alikuwa akisema. "Kazi yetu ni anayesema asikiwe na mtu aliyesimama nyuma kabisa. Anachosema si chetu."

Hakukaa sana baada ya hapo. Wagoa wengi waliondoka miaka ile, mmoja mmoja, bila ya kuaga, na yeye akaondoka na familia yake. Akaja Msimamizi kutoka chamani, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyejua kupachika hata plagi. Sikumchukia. Alikuwa akituletea chai mwenyewe, na kazi alituachia tuifanye tunavyojua.

Nilipelekwa kusini, Makunduchi na Jambiani, nikapelekwa kaskazini, Mkokotoni, mbele ya Tumbatu. Nakwambieni, nilikuwa na raha. Hotuba ikisha, mwenyekiti huuliza kama yupo mwenye suala, na mimi ndiye nikipita na maiki katikati ya watu. Nilimfundisha mvuvi asiimeze. Nilimfundisha bibi wa Makunduchi asiipige kofi kuijaribu. Bibi yule akauliza kisima chao kitachimbwa lini, na sauti yake ikapiga mpaka minazini, akashtuka mwenyewe, watu wakacheka, na yeye akacheka. Nikajiambia, hii ndiyo nchi, na mimi ndiye nnayeipa mdomo. Kwamba siku moja mtu angeniuliza kama mimi ni wa nchi hii, halikunipitia.

Sasa sikilizeni. Mimi ni Mngazija. Babu yangu alitoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, baba yangu akazaliwa Unguja, na mimi nikazaliwa Unguja, na mke wangu Zaliha vivyo hivyo. Tulikuwa wachache mjini, watu wa skuli na mskiti na ofisi ndogondogo, na tukijiona wenyeji kama wenyeji wengine.

Desturi ya fundi, mkutano ukianza, ni kwenda nyuma kabisa ya watu kusikiliza kama sauti inafika. Nilikuwa huko nyuma, nimekunja mikono, siku mkubwa mmoja kutoka serikalini alipotangaza kwamba Wangazija si wananchi. Wao ni wageni, alisema, na wanaotaka uraia waukane Ungazija wao na waombe upya, na asiyeomba hana kazi serikalini wala nafasi ya kusema katika mikutano. Maneno yalinifika safi kabisa, kila herufi. Nilizifunga bomba zile kwa mkono wangu. Nikaushika mnazi.

Msimamizi aliniuliza njiani kurudi, "Ati nawe ni Mngazija?"

"Babu yangu, bwana. Mimi wa Malindi."

"Basi omba tu, ndugu. Neno la dakika moja, ushapita." Alisema kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko tangazo.

Wazee wetu walikwenda kulalamika, wakabisha hodi hapa na pale, mwisho wakakubaliwa kitu kimoja. Mkubwa yule atakuja kwenye uwanja mjini, mbele ya watu, na Wangazija watoe msemaji wao mmoja aeleze kwa nini wahesabiwe wenyeji. Akiridhisha, jambo litatazamwa tena. Basi kazi zetu, skuli za watoto wetu, na haki ya kuinua mkono mkutanoni, vyote vikawekwa kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Nani aseme? Mimi nilimtaka mwalimu mmoja kijana, hodari, anayejua lugha ya wakubwa wa siku zile. Wazee wakanishangaa. Kwa Wangazija mwanamme hata awe na mvi, maadamu hajafanya ndoa kuu, ile arusi ya kulisha mji mzima, huhesabiwa kijana, na kijana hasimami kusema mbele ya watu wazima. Mwalimu alikuwa hajafanya. Aliyefanya alikuwa Mzee Mbae, baba yake Zaliha, mkwe wangu. Alizaliwa Malindi, na Ngazija alikwenda mara moja tu maishani, kufanya hiyo ndoa, akarudi na mkewe.

Nilimkuta ukumbini anapitisha hotuba yake kwa moyo, Zaliha anampigia pasi kanzu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa usikilize."

Nikakaa. Akaanza kama wanavyoanza wazee wa Kingazija, kwa kujitaja jina, na baba, na babu, na mji wa mababu, na sifa za mji ule. Nikamkatiza.

"Baba, nakuomba. Anza na Unguja. Huo mji wa mababu uache kabisa."

Akanitazama kama niliyemwambia atoke bila ya nguo. "Mtu anasimamaje mbele ya watu akasema, na hajasema katoka wapi? Wataniona mhuni. Unguja ntaitaja mahali pake, na ntaitaja vizuri. We fanya kazi yako nisikike."

"Baba, watu wale hawaijui adabu hiyo."

"Ndiyo maana wataiona leo," akasema. Zaliha akanikonyeza niache.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mzee Mbae alivaa joho lake la tarizi na kilemba, akapanda jukwaani taratibu, na wallahi alipendeza. Nikampa maiki. Akaanza.

"Mimi ni Mbae, mwana wa Msa, mwana wa Mhoma, wa mji wa Ikoni, Ngazija, mji wa…"

Kule nyuma watu wakaanza kunong'ona. Yeye akaendelea na sifa za Ikoni, polepole, kwa sauti nzuri, na nilikuwa sijapata kutoa sauti safi kama ile. Mkubwa alikuwa amekaa, anatabasamu. Mzee alipopumua, mkubwa akainuka, akaichukua maiki mkononi mwake kwa upole kabisa.

"Ndugu wananchi, mmesikia? Mimi sijafungua mdomo. Mzee mwenyewe katutajia kwao, na kwa baba yake, na kwa babu yake. Sasa mnataka nimwongezee nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Mbae akasema, "Bwana, sijamaliza!" lakini bila ya maiki waliomsikia ni wa mbele tu. Mkubwa akawa anaendelea kuhutubia, na mkwe wangu kasimama kando yake na mikono mitupu, hajui ashuke au abaki. Sijapata kumwona mtu mzima kadhalilika vile.

Kila fundi huwa na maiki ya akiba. Nikaipachika, nikaburura waya mpaka jukwaani, nikangoja mkubwa amalize akakae na ile maiki ya kwanza, nikampa Mzee mkononi. "Sema Unguja, baba," nikamnong'oneza.

Akasema. Na aliisema vizuri kama alivyoniahidi.

"Nimezaliwa Malindi. Kitovu changu kimezikwa Malindi. Mama yangu kalala makaburini Mwanakwerekwe. Watoto wenu wengi dada yangu ndiye aliyewasomesha Kurani, waulizeni. Ngazija nimekwenda mara moja, kuoa, na niliugua kwa hamu ya nyumbani mpaka niliporudi. Mkiniambia niikane Ngazija, ntaikanaje? Ndiko kwenye jina la baba yangu. Mkiniambia niiache Unguja, niende wapi? Sikuombeni kazi, wala shamba, wala cheo. Nakuombeni mnihesabu."

Mimi nilikuwa nimesimama chini yake na nilisikia yote. Bibi mmoja aliyekaa chini mbele kabisa alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya buibui. Lakini nyuma watu walikuwa wakiinuka, wanakung'uta nguo, wanazungumza yao. Bomba huelekezwa kwa watu, zikalipa mgongo jukwaa, la si hivyo hupiga mluzi, kwa hivyo msemaji hajui sauti yake inafika au haifiki. Nikageuka kutazama gari. Msimamizi amekaa mbele ya amplifaya, mkono wake uko juu ya kifundo cha kupandisha na kushusha sauti ya maiki ya pili, na kifundo kimezungushwa mpaka mwisho, chini kabisa. Alinitazama, mpole vile vile, na mkono hakuuondoa.

Nyumbani mkwe wangu aliomba maji, akanywa, akauliza, "Walisikia mpaka nyuma?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. Mungu anajua nilivyotamani. Lakini mtu yule angengojea jibu la hotuba yake kila siku, kila hodi ingemwinua kitini, na mimi nisingeweza kumtazama.

"Hawakusikia, baba. Ilizimwa. Walichosikia ni Ikoni tu."

Akakivua kilemba, akakiweka mapajani. "Basi wamesikia nusu ya mtu," akasema.

Jambo halikutazamwa tena. Mimi nilisimamishwa kazi kwa ile maiki, nikakaa nyumbani na watoto wadogo, mpaka nikafanya nililoambiwa. Nilisimama mbele ya meza, nikainua mkono, nikaapa kwamba sina kwetu pengine na kwamba Ngazija siijui. Zaliha akaapa baada yangu, kwa sauti ndogo, kainama. Karani akatupa mkono kwa kutupongeza. Kazini walinirudisha, maana mafundi hawakutosha, na Msimamizi akaniletea chai kama zamani. Niliinywa. Ningefanya nini?

Mzee Mbae hakuapa. Akawa mgeni Malindi, anaomba ruhusa ya kukaa katika nyumba aliyozaliwa, na ruhusa ikisha anaomba nyengine, anapanga foleni na mabaharia na wafanya biashara wa kupita. Siku moja ruhusa haikuja. Akaondoka na mkewe kwenda Ngazija. Watu waliotoka huko walituambia kwamba watu wa Ikoni walimpokea kwa heshima na wakimwita Mzanzibari. Alifia huko. Zaliha kaburi la baba yake hajaliona mpaka leo.

Baadaye mambo yalilegea, kama yalivyolegea mengi, na watoto wenu hawajui hata kwamba yalikuwepo. Mimi nimefunga bomba maisha yangu yote, kwa wakubwa waliokuja na waliokwenda, na nimewapa maiki watu wasio na idadi. Mkiniuliza kazi ile ilikuwa nini, ntakwambieni ilikuwa kazi nzuri, na imenila.

Siku nilipostaafu walinifanyia shughuli ndogo ofisini, soda na keki. Zaliha alikuja, kavaa vizuri, akakaa mstari wa mbele. Mkuu wetu wa wakati huo, kijana mchangamfu, akasifu, kisha akasema, "Leo fundi wetu atusemeshe yeye," akanipa maiki. Miaka yote ile sijapata kusema mbele ya watu kwa maiki, ila ile "moja, mbili" ya kujaribu.

Nikaishika. Vijana wakasema, "Sema, mzee." Nikafungua mdomo nianze kama anavyoanza mtu mwenye adabu, jina langu, na baba yangu, na babu yangu, na mji. Neno likanikwama. Ule mji wa mababu nimeuapia kwamba siujui, na huu niliozaliwa ndio ulioniapisha. Nikabaki nimesimama na maiki, na watu wananingoja kwa heshima.

"Ahsanteni," nikasema, nikairudisha maiki, nikaenda kukaa.

Wakapiga makofi sana, wakasema mzee ana unyenyekevu. Zaliha peke yake hakupiga.