Nilipewa Simu Nitengeneze, Nikasoma Siri ya Mjane

Walisema duka langu la simu halitamaliza mwezi. "Huyo wa Nairobi? Atarudi na basi lile lile!" Nikawaonyesha! Mwaka wa pili ulinikuta bado Sori, huku ufukweni mwa Ziwa Victoria, mimi na diploma yangu ya kompyuta, nafufua simu zilizowashinda mafundi wa Migori mjini. Lakini duka hilo nililiua kwa mdomo wangu mwenyewe. Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Acheni niwaambie. Ukibadilisha skrini, lazima uijaribu, kwa hiyo mteja anakuachia nenosiri. Mafundi wengine hujaribu kwa kupiga picha ya meza. Mimi nilijaribu kwa kusoma ujumbe! Nilijiambia nahakikisha mguso unafanya kazi. Nikahakikisha kutoka juu mpaka chini, hadi ujumbe wa mwaka juzi.

Na kelele zangu je! Redio ikisema nchi za ng'ambo zinataka sheria ya kuzilazimisha kampuni za mitandao zikague ujumbe wa watu, napiga meza. "Huo ni wizi! Ujumbe wa mtu ni chumba chake cha kulala!" Wateja wanaitikia, "Kweli, fundi." Yawa! Na simu zao ziko mkononi mwangu.

Mama yake Atieno, sisi tunamwita Min Atieno, ni mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Ndiye aliyenikopesha mtaji wa kwanza. Wengine watano walinikopesha kwa kumwona yeye. Siku moja akaleta simu iliyopasuka kioo. Nikasoma alivyoandikiana na dada yake: ameshalipa sehemu ya bei ya kiwanja Homa Bay, na mashemeji wasijue mpaka hati itoke. Tangu mumewe afariki, wao ndio wanaotaka kumpangia kila kitu.

Alikuja kuchukua simu akiwa na shemeji yake mkubwa. Nikataka kumfurahisha mama. Na niseme ukweli, nikataka pia nionekane mtu wa kujua mambo, nikasahau ni nani aliyesimama naye.

"Min Atieno, hongera! Siku hizi nyinyi ni watu wa Homa Bay, mpaka kiwanja!"

Shemeji akageuka. "Kiwanja gani?"

Mama hakumwangalia shemeji. Aliniangalia mimi. "Nani amekuambia?"

"Nimesikia tu sokoni, mama."

"Sokoni hakuna anayejua. Anayejua ni dada yangu na hii simu."

Wiki haikuisha. Shemeji alimtafuta mwenye kiwanja, akamwambia ukoo haujakubali. Yule akaogopa kesi, akarudisha pesa, akamuuzia mwingine. Mama wa watu akakosa hivyo hivyo, kwa sababu ya hongera yangu!

Habari ikaenea kwamba nasoma simu za watu, duka likakauka. Wachimba dhahabu wa Macalder walipita mlangoni na simu zao mbovu kama hawanijui. "Omera, ndugu yangu, wewe ni redio!" mmoja akanipigia kelele. "Tena haina pa kuzimia!" Wakopeshaji nao wakaanza kuja, wote sita.

Niliuza vifaa, nikaenda machimbo ya dhahabu ya Osiri kubeba mawe. Diploma ile ile, na gunia mgongoni! Lakini mimi si mtu wa kutoroka. Nililipa mmoja baada ya mwingine.

Mafundi wenzangu, nisikilizeni! Tunazilaumu kampuni kubwa, na wachunguzi wenyewe ni sisi. Hakuna sheria itakayokuja kusimama nyuma ya bega lako kibandani. Jaribu simu kwa kikokotoo! Nawe mteja, usiache simu ukaenda zako. Kaa hapo hapo, ungoje.

Min Atieno nilimlipa wa mwisho, Jumamosi moja, akianika omena ufukweni. Nikamwomba msamaha. Akahesabu, akafunga noti kwenye leso.

"Umemaliza, mwanangu. Hudaiwi."

Nikaiona simu yake imepasuka tena. Mkono ukanyooka wenyewe. "Lete nikutengenezee bure, mama."

Akaichukua, akaiingiza kifuani.

"Wacha tu. Nimezoea kusomea kwenye nyufa."