Nguzo Zilizobaki Gwarama

Leo tumekula mishikaki kusherehekea jengo lisilo na nguzo hata moja.

Tulieni, nisimulie.

Tuko ofisini Kibondo. Dada Espe amechora kuta na vyumba vya zahanati. Injinia Filbert amechora nguzo na mihimili. Kazi yangu ni kuunganisha michoro yao kwenye kompyuta, programu itafute vinapogongana kabla mafundi hawajaanza kuchimba Jumatatu.

Nikabonyeza. Migongano: sifuri!

Filbert akasimama, akapandisha suruali. "Mimi hata na mke wangu sijawahi kugombana, sembuse na ukuta?"

Akaagiza mishikaki. Tukala. (Ya mbuzi, na pilipili. Sijutii.)

Espe ndiye aliyeuliza, bado anatafuna: "Sasa mbona nguzo zenyewe sizioni?"

Nikaisogeza picha mbali. Mbali zaidi. Zahanati ikawa kama punje ya mtama. Na kule pembeni kabisa, zimesimama zenyewe tu, nguzo za Filbert!

Kumbe alianzia kwenye faili la bweni alilowahi kuchorea kijiji cha Gwarama, mbali na hapa, akasahau kubadilisha eneo. Kuta ziko Kibondo, nguzo ziko Gwarama. Zitagongana vipi?

"Yebabawe!" Espe akashika kichwa.

Nikazivuta nguzo hadi Kibondo. Skrini ikajaa alama nyekundu. Nguzo moja imeziba mlango wa chumba cha kujifungulia.

Filbert anachokonoa meno.

Hapo ndipo nikakumbuka: mkewe anaishi Kasulu.

Shemeji, kama unasoma hapa, hamia Kibondo tuone.